Mtu Mmoja Ale Kiasi Gani? Ramachandra Guha na Historia ya Fikra za Mazingira

Makala haya yanakusudia kuwajulisha wasomaji wa jarida letu, hasa wanafunzi wa idara za lugha na za historia, fikra za mwanahistoria wa Uhindi, Ramachandra Guha, juu ya mazingira na matumizi. Vitabu vyake vimeandikwa kwa Kiingereza, na katika vyuo vyetu, ambamo mafunzo hutolewa kwa Kifaransa, si wengi wanaovifikia. Hiyo ingekuwa sababu ya kutosha. Lakini iko sababu nyingine, nayo ni ya kiisimu: swali kuu la Guha, likitiwa katika Kiswahili, hutulazimisha kuchagua kati ya vitenzi viwili, na kila kimoja husema jambo ambalo kingine hulinyamazia.

Mwaka 2006 Guha alitoa kitabu chenye jina la How Much Should a Person Consume? Je, tuseme «Mtu mmoja atumie kiasi gani?» au tuseme «Mtu mmoja ale kiasi gani?» Tutalirudia jambo hilo baada ya kuona swali lenyewe limetoka wapi.

Guha hakuliokota njiani. Mwaka 1958 mwanauchumi John Kenneth Galbraith, wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika insha fupi akiuliza nchi itumie kiasi gani. Wakati ule wataalamu wa Marekani walikuwa wakihofia upungufu wa malighafi. Wengine walishauri migodi mipya itafutwe, wengine walitaka viwanda vipunguze uharibifu, wengine walitafuta vitu vya kushika nafasi ya vile vinavyopungua. Galbraith alistaajabu kuona kwamba katika mijadala hiyo yote hamu yenyewe ya kutumia haikuguswa na mtu. Iliachwa kando kama jambo la aibu lisilosemwa mbele ya wageni. Guha alilichukua swali hilo na kubadili neno moja: badala ya «nchi» akaweka «mtu». Badiliko hilo si dogo, kwa maana wastani wa nchi huficha mengi. Katika Uhindi wako watu wanaoishi kama tajiri wa California, na jirani zao hawana hata taa ya umeme. Tukihesabu nchi tu, hao wawili huwa kitu kimoja.

Miaka 30 kabla ya Galbraith, Mahatma Gandhi alikwisha kulionyesha tatizo hilo. Mnamo Desemba 1928 aliandika kwamba kisiwa kidogo cha Uingereza, ili kupata utajiri wake, kilikuwa kimeifunga dunia minyororo. Na kama Uhindi, iliyokuwa na watu milioni 300 wakati ule, ingeshika njia ile ile ya unyonyaji wa kiuchumi, ingeiacha dunia tupu kama shamba lililopitiwa na nzige. Guha ameandika wasifu mkubwa wa Gandhi, uliotoka katika mabuku mawili mwaka 2013 na mwaka 2018, na anamheshimu sana. Hata hivyo hakubali Gandhi afanywe baba wa kila wazo jema. Katika kitabu chake cha mwaka 2024, Speaking with Nature, amewakusanya Wahindi na wageni kadhaa waliofikiri juu ya mazingira kabla neno hilo halijawa la kawaida, akiwemo mwanauchumi J. C. Kumarappa, mfuasi wa Gandhi, aliyechapisha mwaka 1945 kitabu juu ya uchumi wa kudumu. Tunaona hapa tabia ya mwanahistoria: anapoambiwa kwamba wazo fulani ni jipya, huanza kutafuta babu zake.

Guha alizaliwa mwaka 1958 katika mji wa Dehradun, chini ya milima ya Himalaya, mahali penye taasisi kubwa ya utafiti wa misitu. Alisoma uchumi katika Delhi, kisha akafanya utafiti wake wa udaktari katika Calcutta juu ya misitu na wakulima wa milimani. Utafiti huo ndio uliozaa kitabu chake cha kwanza, The Unquiet Woods, cha mwaka 1989. Yafaa tukae kidogo juu ya kitabu hicho, kwa sababu mengine yote aliyoyaandika Guha kuhusu mazingira yameota katika udongo huo.

Kitabu kinahusu harakati iitwayo Chipko. Neno hilo la Kihindi maana yake ni kung'ang'ania, kukumbatia. Mwanzoni mwa mwaka 1973, katika wilaya ya Chamoli, ushirika mmoja wa wanakijiji ulioongozwa na Chandi Prasad Bhatt uliomba ruhusa ya kukata miti michache ambayo mbao zake hutengenezewa nira na vyombo vingine vya kilimo. Idara ya misitu ilikataa. Muda mfupi baadaye idara hiyo hiyo iliitoa miti ya aina ile ile kwa kampuni ya mbali, iliyotengeneza vifaa vya michezo. Wanakijiji wakaazimia kwamba wakataji wakija, watu wataikumbatia miti, na shoka litakalotaka kupiga mti litapiga kwanza mgongo wa mtu. Wakataji wakarudi mikono mitupu. Mnamo Machi 1974, katika kijiji cha Reni, wanaume walikuwa wameitwa mjini kupokea fidia ya ardhi, na wakataji wakapanda msituni siku hiyo hiyo. Wanawake, wakiongozwa na mjane aitwaye Gaura Devi, wakawazuia.

Magazeti ya Ulaya na ya Marekani yalipoisikia habari hiyo, yaliipamba: eti wanawake wa milimani wana mapenzi ya asili kwa miti. Guha anaikataa tafsiri hiyo, nasi tunaona ana haki. Alipekua nyaraka za serikali ya kikoloni na kuonyesha kwamba wakulima wa milima ile walikuwa wamekwisha kupigania misitu yao mara nyingi kabla ya hapo. Waingereza waliunda idara ya misitu mwaka 1864 chini ya Mjerumani Dietrich Brandis, kwa sababu reli ilihitaji mataruma kwa wingi. Na sheria ya mwaka 1878 iliipa dola mamlaka juu ya misitu iliyokuwa ya vijiji. Mwaka 1921, katika Kumaun, wakulima waligoma na kuichoma moto misitu ya serikali. Hivyo watu wale wale walichoma misitu mwaka 1921 na kuikumbatia mwaka 1973. Mtu anayedhani kwamba shabaha yao ilikuwa miti hataelewa lolote. Shabaha yao ilikuwa haki juu ya msitu: nani aule, na kwa kazi gani, nira ya ng'ombe au raketi ya tenisi. (Tusisahau kwamba Guha huyu huyu ndiye mwandishi wa historia mashuhuri ya mchezo wa kriketi katika Uhindi, iliyotoka mwaka 2002. Kwa hiyo hana chuki na vifaa vya michezo.)

Kutoka hapo Guha alipata hoja yake ya pili. Wataalamu wengi wa nchi tajiri walikuwa wakifundisha kwamba kujali mazingira ni matunda ya shibe: mtu akisha kula, akisha kujenga, ndipo huanza kuwahurumia ndege na mito, na maskini, kwa kuwa ni maskini, hana nafasi ya fikra hizo. Mwaka 1997 Guha na mwenzake Joan Martínez-Alier, mwanauchumi wa Barcelona, walitoa kitabu Varieties of Environmentalism wakipinga fundisho hilo. Kuna mazingira ya tumbo lililoshiba, wasema, na kuna mazingira ya tumbo lenye njaa. Wakusanya utomvu wa mpira wa Brazili waliomfuata Chico Mendes, aliyeuawa Desemba 1988, hawakuwa watu walioshiba. Wala Waogoni wa Nijeria, ambao msemaji wao Ken Saro-Wiwa alinyongwa Novemba 1995, hawakuanza kulalamikia mafuta kwenye mashamba yao kwa sababu walichoka na anasa. Kwao mazingira yalikuwa chakula, na aliyeyachafua aliwanyang'anya sahani.

Hapa mwanaisimu anataka kuingiza neno. Mazingira latokana na kitenzi zingira, yaani kuzunguka pande zote. Neno la Kifaransa environnement limejengwa vivyo hivyo. Maneno yote mawili humweka mtu katikati na kuvipanga vitu vingine kandokando yake, kama ua. Kwa mkulima wa Chamoli msitu haukuwa ua. Ulikuwa ndani ya nyumba: katika jiko, katika nira, katika majani ya ng'ombe, katika dawa. Hatusemi neno mazingira liachwe, kwani limekwisha kuzoeleka, na jitihada za kulibadili zingekuwa bure. Tunasema tu kwamba anayefundisha fikra za Guha kwa Kiswahili awaonye wanafunzi kuwa neno hilo lina upande.

Hoja ya tatu ya Guha ndiyo iliyomletea maadui wengi. Baada ya kufundisha kwa muda katika Chuo Kikuu cha Yale, aliandika mwaka 1989 makala iliyowakosoa vikali wapenda pori wa Marekani. Walidai kwamba tatizo kuu la dunia ni mwanadamu kujiweka juu ya viumbe wengine. Guha alijibu kwamba matatizo makubwa ni mawili, yaani ulafi wa matumizi katika nchi tajiri na matabaka ya mijini ya nchi maskini, na utayarishaji wa vita. Na wapenda pori hawayagusi yote mawili. Mmarekani huendesha gari safari ndefu kwenda kuitazama mbuga iliyohifadhiwa, kisha hurudi katika maisha yale yale yanayomaliza mafuta ya dunia. Mbuga imekuwa sehemu ya matumizi, wala si kinyume chake. Mpango huo ukipelekwa katika nchi ya wakulima wengi, watu hufukuzwa ili mnyama apate nafasi. Mfano aliotoa ni mradi wa kuwahifadhi simba-marara, ulioanzishwa Uhindi mwaka 1973.

Msomaji wa Kongo hahitaji kusafiri mpaka Uhindi ili aelewe. Mbuga ya kwanza ya taifa katika Afrika nzima iliundwa hapa kwetu mwaka 1925, ikaitwa Albert kwa jina la mfalme wa Ubelgiji. Leo ni Virunga. Upemba ikafuata mwaka 1939. Katika Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Batwa waliondolewa katika misitu waliyoishi, na mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zilivunjwa. Hata hivyo tunadhani Guha wa mwaka 1989 alikaza kamba kupita kiasi. Pale ambapo vita vimedumu miaka mingi na wenye bunduki wanauza mbao na makaa, mpaka wa mbuga wakati mwingine ndio ukuta wa mwisho uliobaki, na wanaofaidika na kuanguka kwake si wakulima. Guha anajua sana dola yenye nguvu kupita kiasi. Dola iliyo dhaifu hakupata nafasi ya kuichunguza.

Sasa tufike kwenye ulaji. Mwaka 1995 Guha na mwanabiolojia Madhav Gadgil walichapisha Ecology and Equity, na humo waliwagawa Wahindi katika makundi matatu. Wa kwanza, takriban sehemu moja ya sita ya taifa, ni wale ambao fedha na mamlaka huwawezesha kuvuta mali ya asili kutoka kila upande: mbao za milimani, maji ya bwawa la mbali, umeme, samaki wa pwani. Wa pili, karibu nusu, ni wale wanaotegemea yale yanayopatikana kwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwao. Wa tatu, kama theluthi, ni wale ambao ardhi na misitu yao imekwisha kuchukuliwa au kuharibiwa, wakahamia kwenye vibanda vya mijini au kutangatanga wakitafuta vibarua.

Kundi la kwanza waandishi hao wanaliita kwa neno la kibiolojia lenye maana ya mnyama alaye kila kitu. Tunapendekeza mla vyote, wingi wala vyote, kwa mfano wa mla watu. (Mwanafunzi aangalie asilichanganye na kiunganishi wala.) Kwa kundi la pili, ambalo jina lake la asili likitafsiriwa neno kwa neno halisomeki, tunapendekeza wala vya kwao. La tatu ni wakimbizi wa mazingira, na hilo, kwa bahati mbaya, halihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa nchi hii.

Mtaona kwamba tumechagua kula. Kutumia ni kitenzi chenye heshima, kimetokana na tuma, na vitabu vya uchumi hukipenda. Lakini kinachotumiwa chaweza kubaki: jembe hutumiwa leo na kesho. Kinacholiwa huisha. Neno la Kifaransa consommer lilibeba tangu zamani wazo la kumaliza, na Kiswahili cha matumizi kimelipoteza wazo hilo. Katika Tanzania maandishi ya biashara husema mlaji kwa maana ya mnunuzi wa mwisho. Nasi katika Kiswahili cha Lubumbashi twasema mtu amekula feza, na anayesikia huelewa mara moja mambo mawili: kwamba feza hazipo tena, na kwamba pengine hazikuwa zake. Maana hizo mbili ndizo hasa Guha anazitafuta.

Mfano wetu wa wala vyote uko juu ya vichwa vyetu. Laini ya umeme itokayo Inga mpaka Kolwezi, yenye urefu wa kilometa 1.700 hivi, ilikamilika mwaka 1982 ili kuilisha migodi ya Katanga. Inapita juu ya vijiji vingi ambavyo havikupata hata balbu moja. Na katika mji wa Lubumbashi jamaa nyingi hupika kwa makala, yaani makaa ya miti (Kiswahili chetu kimeamua kwamba kuni iliyochomwa na maandishi ya kitaalamu yawe na jina moja, na baadhi ya wanafunzi wataona haki imetendeka). Misitu ya miombo kandokando ya mji imesogea mbali mwaka hadi mwaka. Kila mara lawama huelekezwa kwa mama apikaye na kwa kijana asukumaye baiskeli yenye magunia. Daftari la Guha lingeanza kwingine: umeme wa mto wetu umeliwa na nani, na shaba na kobalti iliyotolewa kwa umeme huo imeliwa wapi? Kongo sasa hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake huingia katika betri za simu na za magari yanayosifiwa kuwa safi. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee.

Tarakimu za hewa chafu hueleza jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mmarekani mmoja, kwa wastani, husababisha tani 14 hivi za gesi ya kaboni kwa mwaka; Mhindi, tani 2 hivi; Mkongomani hafikii hata sehemu moja ya kumi ya tani moja. Wako wanauchumi wanaosema kwamba tukingoja kidogo sote tutaishi kama Wamarekani. Guha huliita hilo kosa la kimahaba. Lakini analiona kosa la pili, la kimahaba vile vile, upande wa baadhi ya watetezi wa mazingira: kudhani kwamba mkulima wa nchi maskini hataki baiskeli, hospitali wala redio, kwa kuwa mapokeo yake yanamtosha. Anataka, na ana haki ya kutaka. Kwa hiyo jibu la swali la mwaka 2006 halitolewi kwa kilo wala kwa lita. Mwenye kidogo sana lazima aongezewe, mwenye vingi mno lazima apunguziwe, na kazi ya pili haiwezi kufanywa na soko peke yake. Wasomaji wengine wamelalamika kwamba jibu hilo halina kipimo. Twakubali kwamba halina; mwanahistoria ameonyesha swali lilivyokwepwa kwa karne nzima, na kipimo amewaachia wengine.

Linabaki tatizo la istilahi ambalo hatujalitatua. Kijana achomaye makaa kilometa nyingi nje ya Lubumbashi hali vya kwao, kwani msitu ule mara nyingi si wa ukoo wake. Amefika kutoka mgodi uliofungwa au kijiji kilichovunjika. Kwa asili yake ni mkimbizi wa mazingira. Lakini kwa kazi yake anawalisha wa mjini, na kila gunia analouza huwasogeza wala vya kwao wa vijiji vile karibu zaidi na hali yake mwenyewe. Katika jedwali la Gadgil na Guha angeandikwa katika safu mbili kwa pamoja, na Kiswahili bado hakijampa jina.